Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliwi

Sentensi ya kwanza ya kisa nilichotuma jaridani ilikuwa hii: "Baba alishuka mwaloni viatu mkononi, na mbalamwezi ikakilaza kivuli chake mchangani kama mtu wa pili." Niliipenda sana. Niliiandika dukani kwangu hapa Mwanza, jioni, wateja wa kutoa kopi wameisha na shata nimeshusha nusu. Nilihangaika nayo wiki nzima, nikibadili neno na kulirudisha, mpaka nilipoisoma kwa sauti na kusikia kwamba imekaa.

Jarida lilinijibu baada ya wiki kumi na moja. Mhariri alisifu mambo mawili matatu, akasema wangependa kukichukua kisa kama tutakubaliana kwenye marekebisho, kisha pembeni mwa sentensi ile akaandika swali moja: "Dada, ukurasa wa pili unasema baba yako alikuwa anakwenda kuvua dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa mbalamwezi?"

Kwa msomaji ambaye hakukulia kando ya ziwa, nieleze. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanaondoka jua likizama, wanabeba taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi taa za sola, wanaziwasha juu ya maji na kusubiri. Dagaa wanafuata mwanga, wakishajaa chini ya taa ndipo wavu unavutwa. Usiku wa giza ukisimama mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, unaona ziwa limejaa taa mpaka upeo wa macho, utadhani kuna mji mwingine huko majini. Lakini mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga na taa haina kazi. Siku hizo wavuvi wanapumzika. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanarudi nyumbani kuona wake na watoto. Mtoto wa mwaloni anayajua haya kabla hajajua kuandika jina lake.

Mimi nimezaliwa Ukerewe. Mama yangu ameanika dagaa tangu nikiwa mgongoni kwake. Na niliandika kurasa kumi na mbili kuhusu usiku ambao baba aliondoka nikiwa na miaka saba, nikaweka mbalamwezi ukurasa wa kwanza na dagaa ukurasa wa pili, na sikuona kitu.

Mkono wangu ulikwenda haraka kwenye neno "mbalamwezi" ili nilifute. Ningeweka "giza", na kivuli kingetolewa na karabai. Dakika mbili tu, kisa kingesimama na mhariri angeridhika. Nililifuta kweli. Kisha nikalirudisha, kwa sababu kivuli kile nilikiona. Katika yote ninayokumbuka kuhusu baba, na ni machache, kivuli kile mchangani ndicho ninachoweza kukiapia.

Basi kama mbalamwezi ilikuwepo, dagaa hawakuwepo.

Kwa muda mrefu nilidhani majarida ya fasihi ni ya mashairi na hadithi za kubuni. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kuna wahariri ambao kazi yao ni visa vya kweli. Marekani, mwaka 1993, Lee Gutkind alianzisha mjini Pittsburgh jarida la Creative Nonfiction, likawa linachapisha mambo yaliyotokea kweli, yaliyoandikwa kwa ufundi wa mtunzi wa riwaya lakini bila kubuni. Karibu nasi kuna Lolwe, jarida la mtandaoni alilolianzisha Troy Onyango mwaka 2020. Limechukua jina ambalo Wajaluo wanaliita ziwa hili hili letu, nalo huchapisha insha za maisha ya watu pamoja na hadithi na mashairi, kwa Kiingereza. Nililotumia mimi ni jingine, dogo, linalopokea Kiswahili. Silitaji kwa kuwa toleo lenyewe bado halijatoka. Wala jambo hili si geni kwetu: Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe, akaandika na ya Siti binti Saad, na wengi wetu tulimsoma shuleni bila kujiuliza ile ni kazi ya namna gani.

Shida imo ndani ya neno letu. Bibi alipotaka kutusimulia alianza, "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitikia, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Tunaukaribisha uwongo kwa jina lake, mlangoni, kwa furaha, na hakuna anayedanganywa. Ndiyo maana ukimwambia mtu unaandika hadithi ya kweli anakutazama mara mbili. Jirani yangu pale dukani ni fundi cherehani ambaye jioni hufundisha watoto madrasa. Nilipomweleza taabu yangu na swali la mhariri, aliweka mkasi chini akaniambia kwamba kwao neno hilo hilo ni zito kuliko hivyo. Hadithi ya Mtume haipokelewi mpaka ioneshe isnadi yake, fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwanzo. Na wanazuoni walimchunguza kila mmoja katika mnyororo ule: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzima? Aliwahi hata kukutana na huyo anayesema kasikia kwake?

"Sasa wewe habari ya dagaa ulisikia kwa nani?" akaniuliza.

Nilisikia kwa mama.

Kabla ya kufika kwa mama niseme machache kwa wanaotaka kutuma kazi zao, maana mnaniuliza kila mara. Someni masharti ya jarida mpaka mwisho. Wakisema maneno elfu tatu, elfu tatu na mia nane ni kuwaambia kwamba hamkusoma. Wakisema kazi iwe haijachapishwa popote, hata ile aya mliyoibandika kwenye ukurasa wenu wa Facebook inahesabika kwa wengi wao. Barua ya kusindikiza iwe fupi: mimi ni nani, kisa kinaitwaje, kina maneno mangapi, kimetumwa kwingine au la. Msieleze humo jinsi mlivyolia mkiandika. Kutuma kwa majarida mawili kwa pamoja baadhi wanaruhusu na baadhi hawaruhusu, ila hata wanaoruhusu wanataka kuambiwa siku ile ile kazi ikichukuliwa kwingine. Kuna majarida yanayotoza ada ndogo ya kusoma, na hilo kila mtu aamue na mfuko wake. Lakini akitokea mtu anayesifu kisa chako ndani ya saa moja kisha anataka shilingi elfu hamsini ili akichapishe, huyo hatafuti waandishi. Mimi nilimtumia. Hela yangu haikurudi, na kisa hakikutoka.

Kukataliwa kupo. Nimekataliwa mara tisa na kila mara imeniuma, ile ya tisa kama ile ya kwanza. Na kusubiri ni sehemu ya kazi. Kisiwa nilichozaliwa kinajua habari hiyo: Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Kila nikihesabu wiki zangu kumi na moja humkumbuka mzee huyo na miaka yake thelathini na mitano.

Nilipanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, siku ya Jumamosi. Sikumpigia mama kumwambia ninakuja na swali, nilisema ninakuja kumsalimia. Nilimkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vipande vya majani. Nikakaa chini, nikaanza kuchambua pamoja naye. Tuliongea habari za wajukuu, bei ya mchele, mguu wake unaomsumbua. Mwisho nikasema:

"Mama, usiku ule baba alipoondoka, kulikuwa na mbalamwezi?"

"Ilikuwepo." Mkono wake haukusimama.

"Sasa walikwenda kuvua nini?"

Hapo ukasimama.

"Nani kakuuliza?"

"Mhariri wa jarida. Nimeandika habari ya baba, nikawatumia."

"Kwao wapi huyo?"

"Kando ya ziwa hili hili, ng'ambo."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye ungo wake. Hakusema neno jingine mpaka usiku, tulipokwisha kula, umeme umekatika na tumekaa mlangoni. Alianza mwenyewe.

"Baba yako hakwenda kuvua. Alikwenda kuvuka."

Mwaka ulikuwa 1983. Wenye umri wangu na kuzidi wanaukumbuka. Vita ya Uganda ilikuwa imekula hazina, fedha za kigeni hazikuwepo, na madukani mlikuwa na rafu tu. Sabuni ilikuwa ya foleni, mafuta ya kupikia ya foleni, sukari ya foleni. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, lakini ziwa halina geti, na vitu vya Kenya vilifika upande wa Musoma kwa mitumbwi. Hayo ndiyo magendo. Kisha mwezi Machi mwaka ule Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na nchi nzima ikatikisika. Matajiri wakubwa walikamatwa, na hofu ikashuka mpaka kwa mwenye miche minne ya sabuni uvunguni. Watu walizika vitu mashambani, wakavitupa chooni, wakavitupa majini.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu, ambaye ngozi yake ilikuwa imeharibika kwa nepi zisizofuliwa kwa sabuni. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imelala kwa sababu ya mbalamwezi, na kuna mtumbwi uliopatikana. Baba na wenzake walivuka. Walikuwa warudi usiku wa pili na sabuni na mafuta, kwa ajili ya nyumba zao na kidogo cha kuuza kufidia safari. Hawakurudi. Siku ya tano mtumbwi ulionekana umepinduka. Miili haikupatikana.

Nyuma ya kitabu cha sala cha mama kuna tarehe kwa kalamu ya risasi: Ijumaa, 27 Mei 1983. Nimeiona tangu utoto, nikidhani ni tarehe ya kufa. Ni ya kuondoka, hiyo nyingine hakuna aijuaye. Niliporudi mjini nilitafuta kalenda ya mwezi ya mwaka ule kwenye simu. Mwezi ulijaa tarehe 26 Mei. Nilikaa dukani nikaitazama tarehe ile muda mrefu. Nilikuwa na miaka saba, na kumbe nilikuwa nimeona sawasawa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike yote haya, ambalo silo lile la magendo. Wake wa wale waliovuka walikutana asubuhi ile ya mtumbwi wakakubaliana neno moja: walikwenda kuvua dagaa. Wangesema nini kingine? Mgambo wangekuja kupekua, wajane wangeitwa wake za walanguzi, watoto wangezomewa shuleni. Basi walikwenda kuvua dagaa. Na watu wakaja msibani. Wavuvi wakaja, wenye mitumbwi, wanawake wa kuanika, mzee mmoja aliyekuwa amevua ziwa hili tangu enzi za Mjerumani, alivyoniambia mama. Wote wakakaa kwenye mikeka, wakaambiwa kwamba wenzao wamezama wakivua dagaa, usiku mmoja baada ya mwezi kujaa.

Kila mtu pale alijua. Hakuna hata mmoja aliyeweza kutojua. Wangeweza kuuliza kile alichouliza mhariri wangu miaka zaidi ya arobaini baadaye, kwa sentensi moja, na yote yangefumuka. Hakuna aliyeuliza. Walisema "poleni", wakachanga, wakaleta unga na kuni, wakaenda zao. Watoto wao tulisoma nao, tukagombana nao, tukatukanana matusi yote ya utotoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitupia hilo. Wazazi wao hawakulitamka hata ndani ya nyumba zao wenyewe, au walilitamka na kulifunga. Mwalo mzima ulibeba uwongo ule ili sisi tukue.

Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili kuhusu ziwa lililomla baba yangu. Watu wale hawakuwemo hata kwa mstari mmoja.

Nilimwambia mama nataka kukiandika upya. Akakataa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu uani, "Na serikali je?" Nilimweleza kwamba mpaka ulifunguliwa Novemba ya mwaka ule ule. Nikamweleza kwamba Sokoine alifariki Aprili 1984, na kwamba mwaka huo huo wa 1984 serikali yenyewe iliruhusu watu wenye fedha zao kuagiza bidhaa kutoka nje. Alisikiliza. Akasema, "Mwaka mmoja." Akarudia, "Mwaka mmoja tu angesubiri." Nikaona kwamba nilichomletea kama faraja kilikuwa kitu kingine kabisa, na sikuendelea.

Nilimwandikia mhariri nikaomba nikiondoe kisa kwa muda. Nilitegemea atakasirika. Alijibu kwamba nafasi itanisubiri toleo moja, na akaongeza kwamba asingependa kuchapisha kitu ambacho mama yangu atakisikia kwa watu wengine. Ninaandika haya kwa shukrani. Wako wahariri wanaotaka damu ikiwa bado ya moto.

Mama alinipigia mwenyewe baada ya miezi miwili. Alikuwa na masharti matatu. La kwanza, niandike kwamba alikwenda kutafuta sabuni, neno sabuni lionekane. La pili ni jambo ambalo aliniomba nisilitaje, na sikulitaja kule, na hapa pia halimo. La tatu alilisema kama swali: "Na wenzake? Umewauliza watoto wao?"

Sikuwa nimewauliza. Nilidhani kisa ni changu kwa sababu machozi ni yangu. Ilinichukua miezi minne kuwatafuta, mmoja huku na mmoja kule, kwa namba za simu zilizopitia kwa shangazi wa watu na viongozi wa jumuiya. Wengine walikuwa hawajui, nikawa mimi ndiye wa kuwaambia, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Kuna dada mmoja alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana mama hapendi harufu ya sabuni mpya." Kuna aliyekubali papo hapo na kunipa jina la baba yake kamili, niliandike lote. Na kuna aliyekataa. Mama yake yu hai, ana miaka mingi, bado anasema dagaa, na hatamnyang'anya.

Mtaona sijasema popote walikuwa wangapi, wala mwalo ule unaitwaje. Ndiyo njia niliyokubaliana na huyo aliyekataa. Mhariri alitaka idadi. Alisema msomaji anahitaji kuwaona ndani ya mtumbwi. Nilimjibu kwamba nikipunguza mtu mmoja nitakuwa nimesema uwongo, na nikiwataja wote nitakuwa nimevunja ahadi, kwa hiyo nitaandika "wenzake" na msomaji atanivumilia. Tulivutana siku tatu. Nilishinda, na bado nadhani nilikuwa sahihi, ingawa najua sehemu ile ya kisa ni dhaifu kwa sababu hiyo.

Mkataba ulikuja, ukurasa mmoja. Jarida linapata haki ya kukichapisha kwanza, baadaye haki zinarudi kwangu. Ndiyo sababu kisa chenyewe sikiweki hapa. Kifungu cha mwisho kinamtaka mwandishi athibitishe kwamba yote aliyoyaandika ni kweli kadiri ya ufahamu wake. Ninachapa mikataba ya watu kila siku, ya kupanga nyumba, ya kuuziana viwanja, pikipiki, na sijawahi kuona kifungu kizito kama hicho. Nilisaini.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena Nansio kumsomea mama toleo la mwisho. Nilianza na sentensi ya kwanza, ile ile, haikubadilika hata neno. Sikufika ya pili.

"Viatu gani?" akauliza.

"Alivyobeba mkononi, mama."

"Baba yako hakubeba viatu. Alikuwa na jozi moja, aliiacha chini ya kitanda. Ulivivaa wewe, ukawa unavikokota uani mpaka nikakuvua."

Nilijaribu kumwona baba akishuka mwaloni bila viatu mkononi. Kivuli kilikuwepo. Mikono sikuiona.

Leo asubuhi nimemwandikia mhariri. Nimemwomba, kama bado hawajapeleka kazi kwa mpiga chapa, aondoe maneno mawili kwenye sentensi ya kwanza.